Wastani usiosahau: kwa nini .300 ya maisha ni ngumu kuishika

Mwishoni mwa Mei 2024, Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani ilibadilisha vitabu vyake. Takwimu za ligi za watu weusi zilizochezwa kati ya 1920 na 1948, enzi ambazo mchezaji mweusi hakuruhusiwa kuingia ligi za wazungu, ziliingizwa rasmi kwenye kumbukumbu. Asubuhi yake jina la mpigaji wa zamani Ty Cobb, lililokuwa limekaa kwa vizazi kileleni mwa orodha ya wastani wa upigaji wa maisha, yaani wa miaka yote ya uchezaji, likawa la pili. Juu yake akakaa Josh Gibson, mdaka mipira wa Homestead Grays, aliyefariki mwaka 1947. Gibson: .372. Cobb: .367.

Mpwa wangu alisoma habari hiyo kwenye simu akaniuliza swali ambalo naamini wengi walijiuliza: "Mjomba, mtu anapata asilimia 37 halafu ndiye bora wa nyakati zote? Si amefeli huyo?" Kaka yake, ambaye anafuatilia kriketi, akaongeza utata: "Mbona Bradman, yule mpigaji wa Australia, alikuwa na wastani wa 99.94?"

Wote wawili walikuwa na haki ya kuchanganyikiwa. Tuanze na namba yenyewe.

Aliyesoma shule ya msingi Kenya anaijua raundaz, na raundaz ni ndugu wa damu wa besiboli. Mmoja anarusha, mwingine ana gongo (la mti, si lile la kunywa), akiupiga mpira anakimbilia kituo cha kwanza. Akifika salama kwa nguvu ya pigo lake, kabla mpira haujadakwa hewani au kumtangulia kituoni, amepata hiti. Wastani wa upigaji ni hiti ukigawanya kwa zamu za kupiga. Zamu 10, hiti 3: .300, ambayo Wamarekani huisoma "mia tatu", kana kwamba nukta haipo. Tofauti ya sehemu moja ya elfu wanaiita pointi. Kwa hiyo .298 iko pointi mbili chini ya .300, na pointi hizo mbili, kama tutakavyoona, zinaweza kumsumbua mtu hadi uzeeni.

Si kila mara mpigaji anaposimama na gongo inahesabika kuwa zamu. Mrushaji akikosea shabaha mara nne, mpigaji anatembea bure hadi kituo cha kwanza, na safari hiyo haiingii kwenye hesabu kabisa, si juu wala chini ya mstari wa kugawanya. Mlinzi akidondosha mpira uliokuwa wa kudakwa kirahisi, mpigaji anasalimika lakini kitabuni anaandikiwa zamu bila hiti. Liweke hilo la kutembea bure akilini, tutalirudia.

Kriketi ni hesabu nyingine. Kule unagawanya mikimbio kwa idadi ya mara ulizotolewa, ndiyo maana Bradman ana 99.94 na hakuna anayeshangaa. Jina la kipimo linafanana, maana hazikutani popote. Kuzilinganisha ni kama kulinganisha bei ya kilo ya sukari na bei ya mita ya kitambaa.

Sasa kuhusu kufeli. Mpiga penalti anayefunga 3 kati ya 10 asingekabidhiwa mpira tena Simba wala Yanga, ni kweli. Lakini penalti ina mpira uliotulia, golikipa mmoja, na mpigaji ndiye anayeamua aanze lini. Kwenye besiboli kila kitu kimegeuzwa. Mpira unatoka mkononi mwa mtu aliyesimama juu ya kilima kidogo, mita 18.44 mbele yako. Akiurusha kwa kilomita 150 kwa saa, unakufikia kwa takriban sekunde 0.4. Tamka neno "embe". Muda umekwisha. Ndani ya embe hiyo umetakiwa uone mpira, utambue kama ni wa kwenda moja kwa moja au wa kupinda, uamue kupiga au kuacha, na uzungushe gongo. Gongo lenyewe ni la mviringo, unene wake hauruhusiwi kuzidi sentimita 6.6 hivi, na mpira una kipenyo cha kama sentimita 7.3. Mviringo unagonga mviringo, kwa hiyo ukikosea milimita chache, mpira unapaa kwenda kudakwa au unaburuzika chini kwenda miguuni mwa mlinzi.

Hata ukiupiga vizuri kabisa, wenzake mrushaji wamesambaa uwanjani wakiusubiri. Mipira inayopigwa ikabaki uwanjani, takriban 3 tu kati ya 10 huwa hiti. Mingine inadakwa, na mingi kati ya hiyo ilipigwa sawasawa ila ikaelekea alipo mtu. Mwaka 2024 wastani wa ligi nzima ulikuwa .243, na kati ya wachezaji waliocheza vya kutosha kuingia kwenye orodha, waliofika .300 walikuwa 7. Hawa ni watu wanaolipwa mamilioni ya dola kwa kazi hiyo hiyo.

Basi kuupata wastani mkubwa ni kazi. Ila kuupata na kuushika ni mambo mawili tofauti, na hapo ndipo mjadala mwingi unapopotea.

Ukitaka kuona jinsi ya kuupata bila kuushika, mtazame John Paciorek. Septemba 1963, akiwa na miaka 18, alicheza mechi moja na timu ya Houston. Zamu 3, hiti 3. Mgongo ukamsumbua, hakurudi tena ligi kuu. Wastani wake wa maisha ni 1.000, kamili, hauna doa. Hakuna anayemtaja pamoja na Cobb, na ndiyo maana orodha za wapigaji bora hudai kwanza mchezaji awe amefikisha idadi maalumu ya zamu.

Aliyepita chuo kikuu anaelewa hili bila kufundishwa, kwa sababu ameishi na GPA, wastani wa alama za masomo yote. Muhula wa kwanza somo moja likikuendea vibaya, GPA inaporomoka unaogopa hata kupiga simu nyumbani. Mwaka wa mwisho hata upate A tupu, inasogea kwa unyonge. Wastani wa mpigaji ni vivyo hivyo. Mwenye hiti 4 katika zamu 10 yuko .400, akikosa zamu 4 za kesho yake anaanguka hadi.286. Mkongwe mwenye hiti 2,000 katika zamu 6,500 akikosa zamu 4 anatoka .3077 hadi .3075, hata ubao wa uwanjani hauonyeshi tofauti.

Wengi wakifika hapa husema: basi mkongwe yuko salama, wastani wake umeshajijenga. Ni kosa. Kinachomlinda siku mbaya ndicho kinachomfunga akitaka kupanda tena.

Chukua kalamu. Mpigaji ana zamu 6,000 na hiti 1,920: .320, ubora wa hali ya juu. Anapata msimu mmoja mbaya, zamu 500 kwa .250, yaani hiti 125. Wastani wa maisha unashuka hadi .315. Pointi tano tu, si neno. Mwaka unaofuata anataka kurudi pale pale .320. Anahitaji kupiga ngapi? Mtu wa haraka atajibu .320. Mwenye akili ya biashara atasema .390 ukimpa muda wa kukokotoa, na .390 ndiyo jibu: hiti 195 katika zamu 500. Baada ya 1941, katika ligi mbili za American na National zinazounda Ligi Kuu, waliofikisha .390 kwa msimu ni George Brett mwaka 1980, aliyegusa .390 yenyewe, na Tony Gwynn mwaka 1994, aliyepiga .394 kabla ya mgomo wa wachezaji kuufunga msimu mwezi Agosti. Yaani ili kufuta msimu mmoja wa kawaida, mkongwe wetu anatakiwa kufanya jambo lililofanyika mara mbili katika zaidi ya miaka 80.

Ndiyo maana siri ya Gwynn haikuwa misimu ya ajabu, japo alikuwa nayo. Siri ilikuwa kutokuwa na msimu wa .250. Alichezea San Diego miaka 20, na ukiacha ule wa kwanza alipokuwa mgeni, yote 19 iliyofuata alipiga .300 au zaidi. Zamu 9,288, hiti 3,141: .338. Katika zamu zote hizo aliondolewa kwa straiki tatu, yaani mipira mitatu ya kupigika aliyoikosa au kuiacha ipite, mara 434 pekee. Kuna wapigaji wa leo wanaomaliza idadi hiyo ndani ya misimu miwili na nusu. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kusafiri na mashine ya video ili ajitazame anavyopiga, enzi ambazo wenzake waliona ni kichekesho. Akiwa na miaka 41, magoti yamechoka, bado alipiga .324 katika zamu chache alizopewa msimu wake wa mwisho.

Wengi hawako hivyo. Umri unamkuta mpigaji kwenye ile sekunde 0.4. Jicho linachelewa kidogo, kiuno kinazunguka kwa uzito, na miguu iliyokuwa ikiokoa hiti za karibu haiokoi tena. Albert Pujols alimaliza misimu yake 11 ya kwanza, yote St. Louis, akiwa na .328. Alicheza 11 mingine, akastaafu mwaka 2022 na .296. Miguel Cabrera alikuwa .321 mwisho wa 2016. Aliondoka 2023 na.306. Ichiro Suzuki, aliyepiga .353 kwao Japani lakini hiti hizo hazihesabiwi Marekani, alikuwa na .331 katika miaka kumi ya kwanza aliyocheza huko, na safari yake ikaishia .311. Hakuna kati yao aliyekuwa mchezaji mbovu. Walikubali tu kuendelea kucheza, na kila mwaka waliocheza ulitozwa kwenye akiba ya ujana.

Ted Williams wa Boston anaonyesha jambo hili kwa namna ya kikatili zaidi. Ndiye wa mwisho katika ligi hizo mbili kupiga .400 kwa msimu: .406 mwaka 1941. Mwaka 1959, shingo ikimuuma, alipiga .254, mara yake ya kwanza na ya mwisho kumaliza chini ya .300. Aliona aibu kiasi cha kuomba mwenyewe mshahara wake upunguzwe, akarudi 1960 kusafisha jina. Akiwa na miaka 42 alipiga .316, na zamu yake ya mwisho kabisa aliupeleka mpira nje ya uwanja. Msimu ambao kijana wa leo angeufanyia sherehe. Na wastani wake wa maisha? Ulishuka, kutoka .346 hadi .344. Ukishajijengea kiwango cha juu hivyo, hata .316 ni hasara.

Utasikia watu wakisema siku hizi wapigaji ni dhaifu, zamani ndiko kulikuwa na wanaume. Ushahidi wao ni .400: Cobb peke yake aliifikisha mara tatu. Mimi siungi mkono. Cobb hakuwahi kukutana na warushaji wa kupokezana, kila mmoja anaingia na nguvu mpya kwa dakika chache akirusha kwa kasi ya kutisha, huku nyuma yake kuna wachambuzi wanaojua udhaifu wako kuliko mama yako. Na kubwa kuliko yote, Cobb hakukutana kwenye ligi na mrushaji hata mmoja mweusi, kwa kuwa walizuiwa. Ligi ikiwa na wabovu wengi, mtu hodari anawapita kwa mbali. Wote wakiwa hodari, pengo linapungua. Hata hivyo mzee apewe haki yake: kuanzia 1906 hadi 1928 hakumaliza msimu chini ya .300, na aliondoka na miaka 41 akipiga .323. Kama yupo aliyeushinda umri kabisa, ni yeye. Hata namba yake ina ugomvi, kwani mechi moja ya 1910 ilihesabiwa mara mbili, na ndiyo sababu vitabu vingine vinaandika .366.

Je, Gibson? Waliopinga mabadiliko ya 2024 walisema misimu ya ligi za weusi ilikuwa mifupi, mechi rasmi kama 60, na msimu mfupi hurahisisha wastani mkubwa. Kwa msimu mmoja hoja hiyo ina uzito, ile.466 yake ya 1943, ambayo sasa ndiyo rekodi ya msimu, isingekuwa rahisi kuishika kwa mechi 154 za msimu wa ligi za wazungu enzi hizo. Ni ile ile hesabu ya GPA ya muhula wa kwanza. Lakini wastani wa maisha unakusanya miaka yote pamoja, na bahati ya mwaka huu huliwa na mkosi wa mwaka ule. Isitoshe, ufupi wa kumbukumbu zake haukuwa uchaguzi wake. Gibson naye hakuruhusiwa kupiga mipira ya warushaji wa wazungu katika mechi za kuhesabika.

Kuna jambo lingine kuhusu .372 ambalo ni chungu kulisema. Gibson alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu kabla ya Jackie Robinson kuwafungulia wachezaji weusi mlango wa ligi kuu. Alicheza hadi msimu wa 1946. Wastani wake haukupata nafasi ya kuzeeka.

Nimemwacha Mickey Mantle mwisho kwa makusudi, kwa sababu kisa chake kinabeba karibu kila nilichoeleza hapo juu.

Mantle aliichezea New York Yankees kuanzia 1951, magoti mabovu tangu mwaka wa kwanza. Msimu wa 1968 ulipoanza alikuwa na hiti 2,312 katika zamu 7,667. Gawanya: karibu .302. Angestaafu siku hiyo angekuwa mpigaji wa mia tatu milele. Alicheza. Mwaka huo alipata hiti 103 katika zamu 435, sawa na .237. Jumla ikawa hiti 2,415 kwa zamu 8,102, na wastani wa maisha .298. Alizibeba pointi hizo mbili maisha yake yote, na alisema waziwazi kwamba zilimuuma. Zimetengenezwa na hiti 16. Kumi na sita, katika miaka 18.

Alikuwa amekwisha? Wastani unasema ndiyo. Ila ile safari ya bure niliyokuomba uikumbuke inasema vingine: warushaji walikuwa bado wanamwogopa, na msimu huo walimwachia atembee mara 106. Ukihesabu kila mara alipofika kituoni, kwa hiti au kwa kutembezwa, alifika karibu mara 4 kati ya 10, jambo ambalo wapigaji wengi wa .300 hawakulifikia. Wastani wa upigaji haukuwa na mahali pa kuliandika.

Na .237 yenyewe ilikuwa namba ya mwaka, si ya Mantle peke yake. Mwaka 1968 warushaji walitawala kuliko wakati wowote. Carl Yastrzemski alichukua ubingwa wa upigaji wa American League kwa .301, bingwa wa wastani mdogo kuliko wote katika historia ya ligi hizo. Wastani wa wachezaji wote wa ligi kuu mwaka huo ulikuwa .237, pointi kwa pointi sawa na wa Mantle. Wakuu wa ligi walishtuka. Waliamua kilima anachosimamia mrushaji kishushwe kutoka inchi 15 hadi 10, na eneo la straiki lipunguzwe, ili wapigaji wapate kupumua.

Mantle alitangaza kustaafu tarehe 1 Machi 1969. Mwezi uliofuata ligi ilianza kwenye vilima vilivyoshushwa, na wastani wa wachezaji wote ukapanda hadi .248.